Baiskeli ya Marehemu Salimu

Hapa Ngamiani, anayetaka kujua thamani ya baiskeli kuukuu huja kwangu, na nisemalo ndilo bei. Sasa sikieni nilivyojivunjia heshima.

Rafiki yangu Salimu alipofariki, mjane wake, Bi Zuhura, aliniita nikaipime baiskeli ya marehemu. Ni ile ya safari ndefu, yenye gia tatu, aliyoinunua kwa mzungu wa shamba la mkonge aliyekuwa akirudi kwao. Mara ngapi tulikwenda Pangani pamoja, yeye mbele juu ya hiyo, mimi nyuma nikiitamani!

Kwa kuwa alikuwa katika eda, Bi Zuhura alisema nami kutoka nyuma ya pazia la mlango, mimi nimesimama uani juani, kando ya baiskeli. Nikajua hanioni.

"Shemeji, ina thamani gani?"

"Chuma chakavu tu, shemeji. Fremu imepinda, gia zimelika. Labda nikusaidie kuiondoa hapa."

Uongo mtupu. Fremu ilikuwa imenyooka kama siku ilipotoka dukani.



"Basi ichukue. Marehemu aliusia upewe wewe. Sheikh anayegawa mirathi alitaka tu thamani ijulikane, wasia usivuke theluthi ya mali."

Nikashika usukani niondoke.

"Ila shemeji, pazia hili jepesi. Hicho chuma chakavu, mbona tangu uingie unakifuta kwa kanzu yako ya Ijumaa?"

Nikautazama mkono wa kanzu. Ulikuwa mweusi wa grisi hadi kiwikoni.