Rozalia Alipanda Hivyo Hivyo

Mimba ilimtoka Rozalia alfajiri, mawingu ya masika yakiwa yameshatanda juu ya kijiji cha Qurus. Aliifukia mwenyewe nyuma ya zizi, akanawa, akachukua jembe, akaenda kupanda maharage. Hakumwambia mtu, hata mumewe Tluway, aliyekuwa kibarua kwenye mashamba ya kahawa huko Oldeani.

Mwiko wa Wairaqw aliujua tangu utotoni. Mwanamke aliyeharibikiwa na mimba hukaa ndani kwake. Hagusi mbegu, haendi kisimani, asije akafukuza mvua, na wajawazito hupita mbali naye mpaka atakaswe. Mara ya kwanza mimba ilipomtoka, aliutii. Msimu ukapita yuko ndani, shamba likajaa magugu, na mwaka ule yeye na mwanawe Marseli walikula kwa kuombaomba. Baadaye serikali ikawahamishia watu wote kijijini, nyumba zikapangwa mstari, ukipiga chafya jirani anakuombea afya. Kujitenga hapo ni kujitangaza. Na njaa, jamani, haijui mwiko wa mtu.

Basi alipanda, mgongo ukimkata na damu bado ikimtoka. Akapanda kesho yake tena. Maharage yakaota, mstari hadi mstari, kama vile hayakuambiwa kitu. Alidhani siku hiyo angefurahi, lakini alikuwa amechoka mno.

Ndipo akaja Benedicta wa nyumba ya pili, tumbo limemtangulia, mkononi kikapu cha mbegu, begani jembe.

“Mama Marseli, hakuna shamba lililoota kama lako. Una mkono wa heri. Njoo unianzishie na mimi kale kashamba ka nyuma.”

Kukubali kungekuwa rahisi. Lakini Rozalia alilitazama lile tumbo, hofu ikamshika, hofu ya kweli, ile aliyolishwa na mama yake.

“Usisogee, Benedicta. Mimba ilinitoka.”

Benedicta alirudi nyuma, akajifunika tumbo kwa kanga. “Lini?”

“Kabla sijapanda.”

Benedicta aliyatazama yale maharage. Rozalia alisubiri kelele, watu wajae, aambiwe amefukuza mvua ya kijiji kizima. Hata nguvu ya kujitetea hakuwa nayo.

“Umelia?” Benedicta aliuliza.

“Nilie saa ngapi?”

“Ingia ndani ufunge mlango. Wakiuliza, nitasema una homa. Magugu niachie mimi.”

“Na mwiko je?”

“Si nimesimama huku mbali? Mwiko nimeushika. Maharage yameshaota, yatanifanya nini?”

Rozalia akaingia, akafunga mlango. Siku zote hizo aliogopa kufungiwa humo, akasahau kwamba mle ndani ndimo mama na bibi zake walimopewa nafasi ya kulia. Alijitupa kitandani na udongo wake miguuni, akamlilia yule wa nyuma ya zizi, ambaye hata jina hakuwahi kumfikiria. Nje, jembe la Benedicta lilikuwa limeshaanza kupalilia mstari wa kwanza.