Walikomboa Saa ya Marehemu kwa Jogoo, Nikawapa ya Bandia

Admin, nifichie jina, maana huku Kilwa tunajuana mpaka vikohozi. Mimi ni mwanaume wa miaka sitini na moja, mzaliwa wa Miteja, fundi saa tangu ujana, nina mke na watoto watatu. Mtakaonitukana nitukaneni, lakini someni mpaka mwisho kwanza.

Miaka ile ya ruksa, wanunuzi binafsi walipoanza kufuata korosho huku kwetu, nilikuwa na rafiki yangu wa Kilangala. Koo zetu ni watani tangu mababu, kwa hiyo alikuwa mtani wangu kabla ya kuwa rafiki. Yeye alikusanya korosho vijijini na kuwauzia hao wanunuzi. Siku moja mzungu mmoja wa ujenzi wa barabara, akijiandaa kurudi kwao, akamwonyesha saa yake ya mkono. Jamani, mtani alichanganyikiwa! Aliuza shamba zima la mikorosho aliloachiwa na baba yake, akainunua. Watu walimcheka mpaka wakachoka.

Uso wa ile saa ulikuwa na visahani vitatu vidogo, na ubavuni vitufe viwili. Ukibonyeza cha juu, mshale mwembamba unaanza kukimbia, ukibonyeza tena unasimama, na kitufe cha chini kinaurudisha ulikoanzia. Basi mtani akawa anapima kila kitu. Ugali wa mkewe, hotuba ya diwani, hata mimi nikienda chooni. "Fundi, leo umevunja rekodi!" Lakini kunipa niifungue, hata siku moja. "Wewe utaichukua nikifa. Sasa hivi kaa nayo mbali."

Akafa kweli, homa ya siku tatu tu, mwanawe wa pekee akiwa na miaka minne. Mnajua mila zetu, mtani msibani kazi yake ni kutania. Nikaivaa ile saa, nikamwigiza marehemu, nikawa nawapima wachimba kaburi. "Mnazembea nyie, dakika ya sita hii!" Watu walicheka huku wanalia. Na kitu akichukuacho mtani, wafiwa lazima wakikomboe, hata kwa kitu kidogo. Mjane akaniambia, "Kaa nayo, mtani. Siku ya arobaini nitaikomboa."

Siku arobaini! Wangeniachia siku mbili tu ningebaki mtu mwema mpaka leo. Siku ya tatu nikaifungua. Nimefungua saa nyingi maishani, lakini kitu kile sikuwahi kukiona. Vyuma vidogo kuliko punje ya mtama, kila kimoja kimesuguliwa mpaka kinang'aa, hata upande wa chini ambao hakuna atakayeuona isipokuwa fundi. Nikawa nabonyeza kitufe, natazama kijiti kinavyosukuma gurudumu, nasahau hata kula. Nikajiambia aliyeitengeneza hii alinitengenezea mimi.

Wakati huo saa za bandia zilikuwa zinamwagika Kariakoo. Nikafunga safari, nikapata inayofanana, visahani vimechorwa tu, ndani plastiki na betri. Betri nikaitoa. Nikaichubua palepale ilipochubuka ya marehemu. Siku ya arobaini mjane akaniletea jogoo, nikampa ile feki, nikasema kwa sauti ya kifundi, "Shemeji, mafuta yameganda. Msiibonyeze wala msiitie ufunguo, itavunjika ndani." Wakatii. Miaka yote hiyo ikakaa kabatini, imefungwa kwenye kitambaa. Na yule jogoo nilimla.

Mimi nimefaidi nini? Baada ya alasiri najifungia chumbani, naitia ufunguo, naivaa, nautazama mshale ukizunguka. Basi. Sijawahi kutoka nayo hata barazani. Mke wangu anadhani huwa nasoma uradi.

Sasa yule mtoto, nimwite Saidi, amekuwa mtu mzima na amemposa binti yangu. Alitaka aivae saa ya baba yake siku ya ndoa. Akaipiga picha, akaiweka mtandaoni, akaiona mkusanyaji mmoja wa saa kutoka Dar. Kumbe dunia nzima kuna watu wanazisaka saa za aina hii! Akafunga safari mpaka kwao, na mimi nikaitwa kama mkwe na fundi. Sikuwa na sababu ya kukataa. Akaifungua mbele yetu wote, akachungulia ndani, akasema, "Poleni. Mzee aliuziwa feki." Akapiga picha za ndani akawatumia wenzake, kwa hiyo hata kuzibadilisha kimyakimya siwezi tena.

Saidi hakupiga kelele. Alisema, "Kumbe baba aliuza mikorosho ya babu kwa ajili ya plastiki. Nimesoma kwa kubeba magunia kwa ajili ya plastiki." Ameapa hatasimamia hitima ya baba yake, na mtoto wake wa kwanza hatampa jina lake kama ilivyo desturi yetu. Huyo mtoto atakuwa mjukuu wangu mimi.

Juzi mjane akaja nyumbani. Nikajua yamenifika. Akakaa, akanishika mkono, akasema, "Mtani, wewe fundi. Ulijua tangu siku ile, siyo? Ukatukataza kuigusa ili mume wangu asiaibike. Mungu akulipe kwa kumsitiri." Akafungua kikapu chake, akanitolea jogoo.

Nikisema ukweli, ndoa ya binti yangu imekwisha na nitaitwa mwizi wa maiti, jina ambalo ni haki yangu. Nikinyamaza, mtani wangu anaendelea kuitwa mjinga na mwanawe mwenyewe, na hakufanya kosa lolote zaidi ya kupenda saa. Jogoo yupo uani, nimemfunga mguu. Kumchinja siwezi, kumrudisha siwezi, na kila alfajiri anawika. Ndugu zangu, mtu kama mimi anaanzia wapi?