Kalimati za Kichina

Mama yangu alikuwa hataki kula. Alikuja Brooklyn Park, huku Marekani, kutoka Tanga kunitembelea, tumbo likamwanza hapa hapa, na daktari akasema asipande ndege mpaka apate nguvu. Uji alikataa, wali wa nazi alikataa. Siku moja mwenzangu wa kazini, mwanamke mmoja wa Kichina, akanipa madonge mawili ya kukaangwa, mviringo, yamepakwa ufuta mwili mzima. Mama akayala yote, akauliza kama hizo kalimati za Wachina ziko nyingine.

Basi nikajitia kujua. Mwenzangu aliniambia ni unga wa mchele, na ndani maharage mekundu yaliyopondwa na sukari. Niliposikia unga wa mchele sikusikiliza tena, maana nani wa kumfundisha mtu wa Tanga unga wa mchele? Nikaroweka mchele, nikausaga kwenye blenda kama wa vitumbua, nikatia na iliki. Haukushikana. Nikaongeza unga wa ngano, ukashikana kwa shingo upande. Nikachemsha mafuta mpaka yakatoa moshi, nikatumbukiza madonge yangu yenye maharage ndani.

Yalipasuka yote. Maharage yakaruka mpaka kwenye dari, king'ora cha moshi kikaanza kupiga kelele, nikafungua dirisha, na baridi ya Januari ikamfuata mama kwenye kochi, ndani ya blanketi zake mbili.

"Wewe unapika au unapigana?" akauliza.

Nilicheka, halafu nikafungulia maji kwenye sinki ili asisikie ninavyolia. Nilikuwa na hasira na mafuta, na ufuta, na lile tumbo. Nilikuwa nimemwahidi: "Mama, kula upate nguvu, nitakukatia tiketi urudi nyumbani." Karatasi zangu za ukaazi zilikuwa bado. Nikitoka Marekani sirudi, na wanangu wako hapa. Akiondoka, ndiyo basi. Nilitaka ale, na nilitaka asiondoke, na sikujua nimwombe Mungu lipi kati ya hayo.

Kesho yake nikampigia mwenzangu. Alicheka mpaka akakohoa. Ni unga wa mchele wa kunata, akasema, upo duka la Waasia, na mafuta yawe vuguvugu kwanza. Madonge yakianza kuelea, uyakandamize taratibu kwa mgongo wa kijiko, uachie, ukandamize tena, yatavimba yenyewe.

Mama akavuta kiti mpaka jikoni, akawa msimamizi. "Usiyafukuze! Yageuze." Yakavimba kweli, yakawa na rangi ya maandazi, na kwa muda mfupi nilifurahi kama mtoto.

Akala moja. Akala la pili. La tatu alilitafuna polepole mno, kafumba macho, nikaona koo lake linavyolilazimisha kushuka.

"Mama, kama hutaki, acha."

Akatikisa kichwa. Akameza, akanywa maji, akajifuta ufuta mdomoni kwa pindo la kanga.

"Nimekula matatu," akasema. "Umeona mwenyewe. Sasa nikatie tiketi, mwanangu."

Kwenye karai kulikuwa na mengine bado. Niligeuka nikaendelea kuyakandamiza, nayo yakaendelea kuvimba.