Faini Haikuwa Mbuzi

Asubuhi ile nilikwenda kisimani na mtungi wangu, nikawakuta wanawake wa kambi ya mgodi wanateka maji. Nikasema, "Mwangaluka." Hakuna aliyeitika. Walijitwika mitungi yao, mmoja maji yake yakiwa hayajafika hata nusu, wakaondoka kana kwamba pale kisimani hapakuwa na mtu. Nikabaki nimeshika kamba. Mimba yangu ilikuwa kubwa, ya kuinama kwa shida, na nilijua vizuri sana ni kitu gani kimetupata, maana mimi ni Msukuma wa Didia, nimekulia ndani ya mila hiyo. Tulikuwa tumetengwa.

Mume wangu hakujua. Yeye alikuwa Mnyasa, mtu wa kuja. Nilimpata Shinyanga, akifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba na kuichezea timu ya kiwanda. Baba yangu alipomwona mara ya kwanza aliniuliza kama miguu myembamba vile itaweza kulima. Nikamjibu kwamba miguu ile ina kazi yake nyingine. Basi meneja wa mgodi wa dhahabu huku Geita, mzungu aliyekuwa amechoka kufungwa na timu ile ya Shinyanga, akaona dawa ya moto ni moto. Akamnyakua mume wangu. Akampa nyumba ya matofali, akampa njumu za ngozi, na akampa kazi ya karakana, kazi ya juu, ya kivulini.

Lakini kazi ile ya karakana ilikuwa na mwenyewe. Alikuwa winga wa kushoto wa zamani, kijana wa hapo hapo, aliyecheza peku tangu timu ilipoanzishwa. Mume wangu alipovaa jezi, yule alivuliwa, na siku chache baadaye akaambiwa ashuke shimoni na wenzake wa kwao. Ndivyo ulivyokuwa mgodi. Mafundi walioletwa kutoka mbali walikaa juu, wenyeji walishuka. Mpira ndio uliokuwa umempandisha kijana yule, na mpira huo huo ukamteremsha.

Kwetu, mtu akiwageuka wenzake, tuseme amekataa kwenda kulima shamba la pamoja, vijana hukaa na kiongozi wao, anayeitwa nsumba ntale, wakamtenga. Salamu yake haiitikiwi. Akiishiwa moto, hapewi kaa. Akifiwa, anazika mwenyewe. Akitaka kurudi kundini lazima aende akaombe faini, mara nyingi ni mbuzi, wanamla pamoja, yanakwisha. Wachezaji wenyeji wa timu ile nao walikuwa na nsumba ntale wao. Alikuwa beki, mtu mzima wa mabega mapana, asiyependa maneno mengi. Yeye ndiye aliyetoa amri, na amri yake ilifanya kazi kambini na uwanjani vilevile.

Jumamosi nilikwenda uwanjani kuhakikisha. Mume wangu alikimbia pembeni, akainua mkono, akaita. Mpira ukapelekwa kulia. Akaita tena. Mpira ukarudishwa kwa kipa. Alikimbia mpaka jezi ikamganda mgongoni, na sikumbuki kama aligusa mpira zaidi ya ule wa kurusha kwa mikono. Tulifungwa. Watu wakacheka kwamba Mnyasa anafukuza kuku, na meneja akaondoka bila kumtazama mtu.

Jioni nilimwambia, "Nenda ukaombe faini."

"Faini ya nini? Nimeiba?" Alikuwa ameloweka miguu kwenye karai. "Mimi nilifuata kazi, sikumfuata mtu. Aliyemtoa yule ni mzungu. Kama ni wanaume, wamtenge mzungu."

Alikuwa na haki, na haki yake ilinikera kuliko kosa. Haki ingenikatia kitovu cha mtoto? Mama yangu alikuwa Didia, mvua zilikuwa zimekata barabara, na hospitali ya mgodi ilikuwa ya wanaume waliovunjika. Waliobaki ni wanawake wale wa kisimani. Nikamuuliza, "Nani atanizalisha?"

"Nitakuzalisha mimi."

"Wewe? Hata kuku hujamwona akitaga." Sikuwa natania. Niliogopa kufa, na nikamwambia hivyo hivyo, kwamba naogopa kufa mimi na mtoto katika nyumba nzuri ya matofali isiyoingiwa na mtu. Akajiongezea maji kwenye karai. Alikuwa mbishi, na mbishi akinyamaza ujue hajashindwa.

Kesho yake nikaenda mwenyewe. Nsumba ntale alikuwa ameketi nje kwake na wenzake wachache, anashona mpira uliofumuka. Nikapiga goti kwa shida na lile tumbo. "Mwadila, baba." Kimya. Sindano iliendelea kuingia na kutoka kwenye ngozi.

"Sikuja kusalimia," nikasema. "Nimekuja kuomba faini ya nyumba yangu."

Hapo mila ilimbana, kwa sababu anayeomba faini lazima ajibiwe. Akauweka mpira chini. "Mumeo kakutuma?"

"Hakunituma. Tumbo ndilo lililonituma."

Mmoja wao aliguna nusura acheke. Nikaendelea, "Nina mbuzi kwa baba. Semeni mnamtaka yupi."

"Mayu," akasema taratibu, akiniita mama kwa lugha yetu, "mbuzi tutamla leo, kesho tumemsahau. Mwenzetu yeye anashuka kila siku. Mumeo abaki na jezi, mpira anaujua, nasi tumechoka kufungwa. Ila karakana airudishe kwa mwenyewe. Ashuke yeye."

Nilirudi nyumbani. Kila mtu kambini alikuwa amewahi kuona mwanamume akitolewa shimoni amefunikwa turubai. Nilitamani mume wangu akatae. Nilitamani pia akubali, na nikajichukia kwa yote mawili. Nilimweleza nikiwa nimempa mgongo, nachochea chungu kisichohitaji kuchochewa. Alichukua njumu zake, akaanza kukwangua tope.

"Yule ana watoto?" akauliza.

"Anao."

Asubuhi akaenda ofisini. Meneja alimwambia amerukwa na akili, kwamba hajawahi kuona mtu anaomba kushuka, lakini mradi Jumamosi aonekane uwanjani, wabadilishane kazi apendavyo.

Siku aliyoshuka kwa mara ya kwanza, uchungu ulinishika kabla jua halijawa kali. Sikuwa hata nimeita mtu. Nikasikia hodi, na aliyeingia wa kwanza alikuwa mke wa winga wa zamani, ana makaa kwenye kigae. Nyuma yake wakaja wengine, wale wale. Hawakuomba radhi wala mimi sikuwauliza. Wakabandika maji, wakatandika mikeka.

Katikati ya uchungu, king'ora cha mgodi kikalia. Haikuwa saa ya kubadilisha zamu. Nikamkamata mkono yule mwanamke nikitaka kuinuka.

"Tulia," akasema, amegeuza sikio. "Hicho ni cha baruti. Kikilia mara moja, ni baruti tu. Kikilia bila kukatika, ndipo utoke ukimbie." Akanifuta jasho. "Utazoea kukisikiliza. Mimi leo nimelala mpaka jua limenikuta kitandani."

Hakusema kwa ubaya. Mikono yake ilikuwa na huruma, na kwa mikono hiyo alimpokea binti yangu. Jioni baba mtu alirudi, nyusi nyeupe kwa vumbi la mawe, akaogopa kumgusa mtoto asimchafue.

Jumamosi iliyofuata walimpa mpira. Walimpa kila alipoita na hata alipokuwa hajaita, akafunga, na makelele yakanifikia kitandani. Wakamleta mpaka mlangoni juu ya mabega yao, winga wa zamani akiwa mmoja wa waliombeba, wakipiga kelele, "Ng'wana wiswe! Ng'wana wiswe!" yaani mtoto wetu. Nikajikokota na mtoto mpaka mlangoni. Nsumba ntale akanisogelea, akanisalimia yeye kwanza, mbele ya watu wote.

"Mayu, huyu si wa kuja tena. Huyu sasa ni mwenyeji."

Nikaitika kwa heshima zote, mtoto kifuani. Mume wangu alikuwa anacheka kule juu kama sijawahi kumwona akicheka. Nilimtazama, nikawaza kwamba imebaki Jumapili tu, kisha atashuka na wenyeji wenzake.