Bibi Yangu Aliyeoteshwa Ndevu

Mimi hasira zangu ziko karibu, nalijua hilo, na wanafunzi wangu wanalijua zaidi. Siku niliposoma kwenye simu kwamba bibi yangu amegeuzwa mwanaume, niliitupa simu kitandani, nikatoka nje, nikaizunguka nyumba mara mbili, ndipo nikarudi kusoma tena nikidhani labda macho yamenidanganya. Wapi! Ukurasa wa kwanza wa mswada mpya wa tamthilia uliandikwa hivi: “Mzee, miaka sitini na tano, mwenye mji, mkali, ana ndevu nyeupe.” Kwenye mswada wangu mimi, mahali hapo hapo, alikuwepo mwanamke.

Ngoja nieleze, maana asiye wa kwetu anaweza kupotea. Huku Tarime, mwanamke aliyefiwa na mume kabla hajapata mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe wake mwenyewe akaoa msichana. Si mambo ya chumbani, usikunje uso. Yule msichana anazaa na mwanaume wa nje, watoto wanakuwa wa mji ule, yaani kaya ile, na mji unapata warithi. Tunaiita nyumba ntobhu. Bibi yangu alimwoa mama yangu kwa ng'ombe, mama akatuzaa sisi wanne, na ndivyo nilivyopata bibi, ukoo, shamba la muhogo na huu mdomo.

Bibi alifanya hivyo kwa sababu mumewe alipokufa, shemeji zake walimjia na neno moja tu: mji usio na mwanaume hauna mwenyewe. Walikuwa wameshaanza kugawana shamba kwa macho. Bibi aliwasikiliza, akawapa uji, wakanywa, na kabla mwezi haujaisha akawa ameoa. Kutoka siku hiyo hakuna aliyethubutu kuingiza jembe kwenye shamba lake. Lakini kumwita mwenye mji, hapana. Miaka yote hiyo shemeji yake mdogo, ambaye bado yu hai, akifika pale getini anauliza, “Hapa hakuna watu?” Bibi amekaa hapo hapo mbele yake anapukuchua mahindi.

Basi kampuni moja ya tamthilia kule Dar es Salaam ilipotafuta hadithi kutoka mikoani, niliandika hiyo. Wakaipenda. Nilitamba, sikufichi. Nilitamba ofisini kwa walimu wenzangu, nikatamba kanisani, nikatamba hadi sokoni Sirari kwa watu ambao hata hawakuniuliza. Bibi alinipa ruhusa kwa sharti moja. “Andika,” alisema. “Ila shemeji yangu akiiwasha hiyo televisheni, amwone mwenye mji.”

Sasa unaelewa kwa nini niliizunguka nyumba.

Nikampigia mwongozaji. Kijana mpole, Mungu amsamehe, anaongea taratibu kama anambembeleza mgonjwa. Akaniambia, “Mwalimu, watazamaji watatuelewa vibaya. Wanawake wawili kuoana? Mamlaka itatufungia. Tumembadilisha kidogo tu awe mzee anayeoa mke wa pili. Hadithi ni ile ile.”

“Ile ile?” nikamwuliza. “Ukimtoa ng'ombe kwenye mchuzi wa nyama, bado ni mchuzi ule ule?”

Akacheka. Mimi sikucheka. Akaniambia wahusika hubadilika, ndiyo kazi yenyewe ilivyo, hata yeye hadithi yake ya kwanza ilikuwa na binti aliyeishia kuwa mjomba. Kisha akanikumbusha kwamba nimeshasaini, na kwamba kesho kutwa wanaanza kupiga picha Machochwe, wilaya ya Serengeti, maana mwenyeji wao huko amewapa mji wenye boma zuri. Niende nikawaelekeze mila. Nikakubali kwa sauti ndogo sana ambayo si yangu.

Tatizo ni kwamba bibi naye alikuwa anakwenda. Alishafua kitenge. Alishawaambia majirani, “Naenda kumwona huyo anayekuwa mimi.” Nilitaka kumwambia tukiwa stendi, nikashindwa. Nilitaka kumwambia njiani, nikamnunulia ndizi badala yake. Tulipofika Mugumu kubadilisha gari nilikuwa nimemnunulia vitu vitano na sijasema neno. Mtu mzima mimi, mwalimu wa zamu anayeogopwa na shule nzima, namwogopa mwanamke anayenifikia begani.

Machochwe tulikuta watu wamejaa. Nyaya, taa mchana kweupe, mwavuli mkubwa mweupe, na mpishi wa kikosi akikaanga viazi nyuma ya ghala. Katikati ya uwanja alisimama mwigizaji mmoja mzee, mtu maarufu, amevaa koti na kofia, fimbo mkononi, ndevu zimebandikwa vizuri.

“Huyu ni nani?” bibi akauliza.

Nikamjibu, “Ndiye wewe, bibi.”

Akamtazama kuanzia kofia hadi viatu. Akazunguka upande wa pili akamtazama tena. “Ana ndevu,” akasema.

Nikajaribu kueleza: watazamaji, kufungiwa, wahusika hubadilika. Bibi akaniacha nimalize. Halafu akasema kwa Kikurya, polepole, na hapo ndipo nilipotamani ardhi ipasuke: “Shemeji zangu walisema mji wangu hauna mwenyewe kwa kuwa hauna mwanaume. Miaka yote nimewashinda. Leo wewe, mtoto wangu, umewaletea mwanaume.”

Hakupaza sauti. Angenichapa ningeshukuru. Aliketi kwenye jiwe karibu na boma, akanipa mgongo, nami nikasimama pale nikifuta machozi kwa karatasi za mswada.

Kazi ikaendelea. Picha ya siku ile ilikuwa ya ng'ombe wa mahari: mwenye mji asimame getini, ng'ombe wapite mbele yake waingie bomani, wakwe wakiangalia kama ni wazima kabla ya kuwachukua. Ni picha fupi kwenye karatasi. Lakini ng'ombe hawakusoma karatasi. Walikuwa wamekodiwa kutoka miji mitatu tofauti, hawajuani, wameona mwavuli, wameona taa, na yule mzee maarufu anawapigia kelele za mjini, “Haya twende! Twende bwana!” Mmoja akarudi nyuma, wengine wakatawanyika, dume moja likaelekea kwenye viazi. Wakarudia. Wakarudia tena. Jua likapanda, ndevu zikaanza kubanduka upande mmoja. Vijana wa pale wanacheka hadi wanashikana mabega. “Mura, huyo hajawahi kufuga hata kuku!”

Bibi alivumilia hadi mara ya tano. Akainuka. Hakumwomba mtu ruhusa. Alikwenda kwa mpishi akachota chumvi kiganjani, akampita mwongozaji, akampita mzee wa ndevu, akaenda moja kwa moja kwa jike moja jekundu lililokatika pembe. Sijui alijuaje kwamba ndilo linaloongoza. Mimi niliona ng'ombe tu. Akalirambisha chumvi. Akalikuna chini ya shingo. Akasema nalo maneno mawili matatu, akageuka, akaanza kutembea kuelekea getini bila hata kutazama nyuma. Jike likamfuata. Wengine wakamfuata jike. Wote, jamani, wote, mmoja mmoja, kimya, wakaingia bomani. Bibi akasimama pembeni mwa geti akiwapapasa migongo wanapopita, na wa mwisho alipoingia akaburuta mti wa kufungia, akafunga, akapangusa mkono kwenye kitenge.

Mpiga picha, Mungu ambariki, hakuwa amezima kamera.

Mgala muue na haki yake mpe: aliyeongea wa kwanza alikuwa yule mzee maarufu. Alibandua ndevu zake, akamkabidhi mwongozaji mkononi. “Kijana, mwenye mji ni huyu. Mimi nitafutie kazi nyingine. Nipe hata ushemeji.”

Mwongozaji akaja kuketi chini, kwenye vumbi, mbele ya bibi. Akamwamkia shikamoo upya. Akamwomba amsimulie siku alipomwoa mama yangu, mwanzo hadi mwisho. Mimi nikatafsiri pale Kiswahili cha bibi kilipoishia, na hapo nami zamu yangu ya kuaibika ikafika. Kwa sababu kwenye mswada wangu, ule nilioutetea kwa hasira zote hizo, bibi alikuwa analia. Analia kaburini kwa mume, analia usiku, analia akichagua ng'ombe wa kutoa. Nilidhani machozi yatamletea heshima. Mwongozaji akamwuliza habari za kulia huko.

“Kulia?” bibi akashangaa. “Nani alikuwa na muda wa kulia?” Akaeleza kwamba alikataa wasichana wawili kwa kuwa walimwinamia mno. Wa tatu akamwambia usoni kwamba paka wake ni mchafu. Huyo, mama yangu, ndiye aliyemchukua. “Nilikuwa nataka mtu atakayeweza kugombana na shemeji zangu nikifa.” Watu wakaangua kicheko. Mimi nilikuwa nimeishi na mwanamke huyu miaka yote na sikujua habari ya paka.

Kumbe tulimbadilisha wote wawili. Mwongozaji alimpa ndevu, mimi nilimpa machozi.

Kazi ikasimama siku tatu. Tulikaa kwenye ukumbi wa nyumba ya wageni Mugumu, tukaandika upya mchana kutwa, tukagombana, tukanywa chai ya maziwa, tukagombana tena. Mwigizaji mmoja mama, aliyekuwa amekodiwa kwa maneno manne tu kama mke mkubwa wa yule mzee, ndiye aliyepewa mji. Siku zote tatu alishinda na bibi. Hakumwuliza maswali. Alipukuchua naye mahindi. Swali la kufungiwa likajibiwa na bibi mwenyewe: wawekeeni picha moja mwanzoni, shemeji wanagawana shamba, hata mtoto ataelewa kwa nini nilioa. Ikawekwa. Hakuna aliyefungiwa.

Tamthilia ilirushwa miezi kadhaa baadaye, Jumapili saa kumi jioni. Nyumba ya bibi ilifurika hadi madirishani. Shemeji mdogo naye alikuja na fimbo yake, akapewa kiti cha mbele kama mkubwa anavyostahili. Mama yangu alikaa mkekani, kimya, anagawa karanga.

Ikaanza. Yule mama akatokea, mkali, mkavu, mcheshi, anachota chumvi, anaongoza ng'ombe, anafunga geti. Shemeji wa kwenye televisheni akafika akauliza kama hapa kuna watu. Yule mwigizaji akamjibu bila kuinua kichwa, “Kuna mwenye mji. Umemkuta.” Weee! Vigelegele viliezua paa. Mimi nililia wazi wazi, kamasi na yote, sikujali mtu.

Shemeji wa kweli akakohoa. “Huyo ndiye mimi?” akauliza. “Mbona mimi sina sauti mbaya hivyo?” Watu wakacheka, naye mwishowe akacheka. Kisha akageuka kwenye kiti, mbele ya watu wote, akamwambia bibi, “Mwenye mji, karanga hazijanifikia.” Alilisema hivyo tu, kama neno la kawaida. Bibi akamnyooshea bakuli bila kumtazama.

Hapo ndipo mama yangu aliposimama. Nilimwandika mama huyo kwenye mswada wa kwanza, wa pili na wa tatu, na katika yote sikuwahi kwenda kumwuliza yeye. Alisimama katikati ya chumba, karanga kwenye kanga, mwanamke asiyezungumza mbele za watu.

“Siku ile mimi ndiye niliyelia,” akasema. “Nilijua nimeuzwa. Nililia njia nzima. Nilipofika getini akanishika mkono, akanionyesha mpaka wa shamba kutoka huku hadi kule, akaniambia, hapa ni pako, atakayekuonea atanikuta mimi. Hajanionea mtu hadi leo. Ningeulizwa sasa, ningekubali mwenyewe, bila ng'ombe.”

Bibi akapangusa macho kwa kiganja, haraka haraka.

“Kaa chini, mke wangu,” akasema. “Unaniziba.”