Dairekta alimvika babu yangu nguo nyeusi, ukumbi mzima ukacheka

Wakuu, shikamoo zenu nimezipokea. Haya nimeyaona kwa macho yangu, asiyeamini aje Kisongo nimpe kiti.

Shule niliishia darasa la nne. Nyumba nimejenga kwa kuuza ng'ombe, nawajua mmoja mmoja kwa rangi, kwa hiyo rangi msinifundishe.

Kuna dairekta mmoja kutoka Dar, kijana wa digrii, alikuja kushuti muvi ya enzi za Mjerumani. Nikampa habari za babu mzaa baba. Mtu mzima, wake wawili, aligoma kubeba mawe ya kujengea boma la Wajerumani, wakamnyonga.

Nikampa na jina lake. Nilitaka ukoo umwone akifa kiume.

Siku ya kushuti namkuta anayeigiza babu kavishwa shuka nyeusi tii, uso kapakwa chokaa nyeupe.

Nikamwambia dairekta, kwetu Waarusha huyo ni kijana katahiriwa juzi. Babu alivaa ngozi, kajipaka udongo mwekundu.

Akacheka. "Mzee wangu, nyeusi ni kifo, nyeupe ni roho inaondoka. Dunia nzima inaelewa hivyo."

Dunia nzima. Kisongo iko mwezini.

Na hapo sijasema muvi yote wameipaka rangi ya chai ya maziwa, eti ionekane zamani. Kwani Mjerumani anafika, Mlima Meru haukuwa kijani?

Basi, wakaja kuionyesha ukumbini, mjini kwetu Kijenge. Ukoo wote tumekaa mbele, kina mama na leso mkononi. Kitanzi kinashuka, muziki wa huzuni unalia.

Dada yangu mkubwa akauliza kwa sauti: "Jamani, wanamnyonga hata kidonda hakijapona?"

Watu wakashika mbavu. Babu anakufa, wajukuu zake wanacheka. Mimi naangalia viatu vyangu.

Dairekta akanifuata nje, eti atarekebisha rangi kwenye kompyuta. Nikamuuliza, kompyuta itamtoa babu jandoni? Arudie kushuti au atoe jina la babu yangu.

Kurudia akasema hawezi. Jina likatoka.

Sasa muvi inazunguka huko mijini, ananyongwa kijana asiye na jina na wageni wanalia. Walie tu.

Nilichojifunza: rangi ina wenyewe, uliza kabla hujapaka. Wataalamu wa muvi mliomo humu, karibuni mnibishie.

Ila kila mmoja aanze kwa kusema babu yake alivaa nini.