Uji wa Mzazi

Redio ilipotangaza kwamba ng'ambo madaktari wameweza kupandikiza mimba ya mwanamke mmoja katika tumbo la mwingine, wateja dukani kwangu Isiolo walisema hilo ni jambo jipya. Jipya gani! Miaka kumi kabla, kwa amri ya mama, nilikuwa nimemzalia dada yangu tasa mtoto kwa mume wake. Nilifichwa kijijini Burat miezi yote, naye mjini akijifunga matambara tumboni. Nilipojifungua, yeye ndiye aliyelala kitandani, majirani wakamletea uji wa mzazi. Mimi niliwekwa kuosha vikombe. Jirani mmoja alinipa chake, akaniuliza, "Na wewe, utazaa lini?" Nilimgeuzia mgongo upesi, kwa sababu blauzi yangu ilikuwa imelowa maziwa.